Taya la Februari

Meno yangu hayarudi. Hivyo ndivyo nilivyokuwa nikiwaambia wateja kwa miaka kumi na tisa, na nilikuwa nikisema bila kutabasamu, kwa sababu halikuwa tangazo, ilikuwa kweli. Mtu akitoka kwangu na meno ya kuvaa, harudi kulalamika kwamba yanamchezea mdomoni. Akirudi ni kwamba yamechukuliwa na maji ya bahari, au yametafunwa na mbwa, au mwenyewe amekufa na waliokuja ni watoto wake, wanataka kujua kama yanaweza kupunguzwa yamtoshe mjomba. Hilo la mjomba limetokea mara mbili. Mara zote mbili niliwafukuza.

Karakana yangu iko Mikindani, ghorofa ya kwanza, katika jengo linalotazamana na barabara ya Nairobi. Chini yangu, ngazi kumi na nne kwa hesabu, ipo kliniki ya meno ya Daktari Lynnette. Utaratibu ni kwamba yeye humtazama mgonjwa, humng'atisha kipimo, yaani lile sinia dogo la chuma lililojazwa unga uliokorogwa kwa maji, kisha kipimo kinapanda kwangu. Mimi nakimiminia plasta. Plasta ikikauka ninalo taya la mtu mkononi, la juu na la chini, na juu yake ndipo ninapochonga meno. Mafundi wengine wana mashine ya kutikisa plasta ili mapovu yatoke. Mimi nasubiri lori. Lori la kontena likipita pale nje meza yote inatetemeka, mapovu yanapanda yenyewe, na kwa barabara ile sijawahi kungoja zaidi ya dakika moja.

Watu siwajui sana kwa sura. Nawajua kwa mataya. Kila taya nililowahi kumimina liko rafuni, limeandikwa kwa penseli jina na tarehe, kwa kuwa situpi kitu. Mke wangu hapendi kuingia mle ndani. Anasema haiwezekani mtu akae na midomo ya watu mia tano na hakuna hata mmoja wa kumjibu.

Nyamvula alikuja mara ya kwanza mwaka 2019. Wengi humwita Mama Mweri, kwa jina la bintiye. Alikuwa mwanamke wa Kiduruma wa miaka thelathini na saba, mwembamba, mwenye kibanda cha chai na mahamri kule Changamwe karibu na yadi ya malori. Alikuwa ameng'olewa magego manne ya chini, mawili kila upande. Daktari alichukua kipimo, nami nikachonga, yakamkaa. Siku ya kuyachukua akanitolea ombi jingine.

"Fundi, hebu nitilie mwanya hapa mbele. Kidogo tu, usiogope."

Mwanya wa meno mawili ya mbele, juu, kwetu huku ni pambo. Aliyezaliwa nao husifiwa tangu hajui kusema. Wapo wanaokuja kutengenezewa meno ya kuvaa na sharti lao la kwanza ni niwaachie nafasi pale katikati, na kwa plastiki sina neno, nawaachia. Lakini meno ya mbele ya Nyamvula yalikuwa ya Mungu, mazima, yamebanana hata uzi haupiti. Nikamwambia mimi sichongi jino zima la mtu, na kwamba mwanya ni wa kuzaliwa nao.

"Basi mimi nilizaliwa mianya imeisha," akasema. Akacheka, akaenda zake.

Alirudi Februari mwaka 2024. Nilisikia sauti kwenye ngazi nikadhani ni mwanamume.

"Shikamoo, fundi."

"Marahaba. Karibu ndani."

Nilimtambua kwa shida. Alikuwa amejaa kila mahali, pua, midomo, vidole. Nikajisemea kwamba biashara imemkubali, maana ndivyo tunavyosema mtu akinenepa. Akaketi, akajifuta jasho, akaachama mbele yangu kama mtoto anayeonyesha jino lililoota. Kati ya yale meno mawili ya mbele palikuwa na mwanya. Si wa kubahatisha, mwanya hasa, unaoingia kijiti.

"Uliniambia ni wa kuzaliwa nao," akasema. "Haya, mimi nimezaliwa mara ya pili."

Alikuwa na furaha ambayo sijaiona sana kwenye kile kiti. Akanieleza jinsi wanawake wa kanisani wanavyomuuliza amekunywa nini. Akanieleza kuhusu mtu anayeitwa Changawa, dereva wa folklifti pale yadini, aliyefiwa na mkewe, ambaye kwa miaka miwili alikuwa akinunua chai na kuondoka bila neno. Mwanya ulipoanza kuonekana, Changawa akapata la kusema. Sasa walikuwa wakizungumza habari za wazee na posa.

"Niliuomba kwa Mungu, fundi. Wewe ulikataa, yeye akanipa."

Nikamweleza kwamba mtu akipoteza magego, meno ya mbele huweza kutawanyika. Hilo ni kweli, hutokea. Ila hutokea kwa mtu anayekaa bila meno ya nyuma, na huyu meno ya nyuma alikuwa nayo, nilimtengenezea mwenyewe. Nililijua hilo wakati ule ule nikisema.

"Ila sasa haya ya kwako," akaendelea, akiyatoa na kuyaweka kiganjani, "yamelegea. Nikitafuna yanaelea. Yule Boga, utingo, alinisikia nikilalamika, akawaambia watu wote kibandani ati Fundi Justus siku hizi mkono umemchoka."

Boga simjui, na sikutaka kumjua. Lakini maneno yake yalinikaa kooni. Kama ningekuwa na akili timamu asubuhi ile ningemteremsha Nyamvula ngazi kumi na nne, Daktari Lynnette amtazame. Lakini kumteremsha kulikuwa ni kukiri mbele ya daktari kwamba meno yangu yamerudi. Nikafunga mlango, nikachukua kipimo mwenyewe, cha juu na cha chini, jambo ambalo si kazi yangu na siruhusiwi.

Kadi yake ilisema sinia namba mbili. Namba mbili halikutosha. Nikachukua namba tatu, nikawalaani watengenezaji wa masinia. Ulimi wake ukawa unalisukuma nje. Nikamwambia autulize.

"Ndio umetulia hivyo," akasema. "Siku hizi hauna pa kukaa."

Alisema mengine pia. Kichwa kinamuuma tangu mwaka jana, anameza vidonge vya dukani. Mwalimu wa kwaya amemtoa sauti ya kwanza akampeleka ya tatu, akaimbe na wanaume. Alipoinuka, kiwiko chake cha kushoto kikagonga bakuli la maji lililokuwa wazi kabisa mezani, likamwagika lote.

"Nisamehe. Mimi nimevunja vikombe mpaka nimehamia vya bati."

Nikapangusa maji. Jioni nikamimina plasta, nikaandika Nyamvula, Februari 2024, nikachonga meno mapya. Yalimkaa vizuri sana, na nikamwambia akampelekee Boga salamu zangu. Taya nikaliweka rafuni. Lile la 2019 lilikuwa hapo hapo, mkono wangu uliligusa ukipita. Kuyaweka pamoja na kuyatazama kungechukua dakika mbili. Sikutaka kutazama, nilitaka kushinda.

Septemba, yale meno mapya yakamwanguka kanisani. Kwaya ilikuwa imesimama mbele, wamefika mahali pa kupaza, Nyamvula akapaza na wanaume wenzake, na meno yakaruka yakatua kando ya kinanda. Alikuja kwangu Jumatatu, ameyafunga kwenye pembe ya leso.

"Fundi, mimi si mtu wa maneno," akasema. "Lakini nimeaibika. Watoto wa shule ya Jumapili sasa wananiigiza."

Badala ya kumhurumia nikakasirika. Nikamwambia ameyaangusha. Nikamwambia anayaacha makavu usiku, plastiki inapinda, kisha anakuja kunilaumu mimi.

"Haki ya Mungu sijayaangusha. Nayalaza kwenye maji kila siku, kama ulivyonifundisha."

"Tutaona," nikasema.

Nikachukua kipimo cha tatu, tena mwenyewe, kwa sinia kubwa kuliko yote niliyokuwa nayo. Nikamimina, nikangoja lori, nikangoja plasta ishike. Yeye alikuwa ameketi akinitazama. Kisha nikashusha lile la 2019 na lile la Februari, nikayapanga yote matatu dirishani kwenye mwanga, nimwonyeshe kwa macho yake kwamba mdomo ni ule ule na aliyeharibu kitu ni yeye.

Taya la mtu mzima halikui. Meno yakitoka, mfupa unaliwa taratibu, taya linapungua, na kupungua huko ndiko kunakonipa kazi. Hili lilikuwa limekua. Nikachukua kalipa, kile chombo cha kupimia upana, nikapima, nikafuta miwani, nikapima tena. Lile la 2019 lilikaa ndani ya lile la Septemba kama sufuria ndogo ndani ya kubwa. Zamani meno yake ya juu yaliyafunika ya chini. Sasa ya chini yalikuwa yametangulia mbele. Wala mwanya haukuwa mmoja. Kila jino lilikuwa limejitenga na jirani yake, ila ule wa mbele ndio uliokuwa mahali pa kuonekana. 2019, hakuna. Februari, milimita moja na nusu. Septemba, mbili na nusu.

Kitu cha kwanza nilichohisi kilikuwa furaha. Meno yangu hayakuwa na kosa. Yalibaki pale pale nilipoyaweka, mwenyewe ndiye aliyekua akayaacha. Furaha hiyo ilidumu mpaka lori lililofuata, kisha nikamtazama yule mwanamke wa miaka arobaini na mbili, na vile vidole vyake, na ile leso aliyoikunja magotini, nikaogopa.

Nikamwambia tushuke kwa daktari. Nikachukua mataya mawili, la 2019 na la Septemba. La Februari nililirudisha rafuni, nyuma ya mengine, kwa sababu daktari angeuliza lilichukuliwa na nani, na kama nililitazama. La Septemba nilikuwa tayari na uongo wake: nimechukua leo kwa haraka, ili nikuletee.

Daktari Lynnette hakuuliza. Aliyashika yale mataya kwa muda, kisha akaanza kumuuliza Nyamvula mambo yasiyohusu meno. Huvaa pete? Ilikatwa kwa msumeno mwaka juzi. Viatu anavaa namba gani? Zamani thelathini na nane, sasa anavaa ndala za kiume. Anakoroma? Bintiye Mweri amehamia chumba cha pili.

Kisha akaketi mbele yake, magoti kwa magoti.

"Mama, niangalie puani. Usihamishe macho. Nitacheza vidole huku pembeni. Ukiviona, niambie."

Akanyoosha mikono yote miwili, akaanza kuchezesha vidole. Mimi niliyesimama nyuma ya Nyamvula nilikuwa naviona vizuri. Nyamvula alikuwa kimya. Daktari akaisogeza mikono ndani, na ndani tena, na Nyamvula bado yuko kimya, anatazama pua kwa utiifu. Vidole vilipokaribia kuyagusa masikio ya daktari mwenyewe ndipo Nyamvula akasema, "Hivyo hapo."

Daktari alimweleza pole pole, bila kumficha. Chini ya ubongo, nyuma ya pua, kuna kijitezi kisichozidi punje ya kunde, na ndicho kinachoamuru mwili ukue. Cha kwake huenda kimeota uvimbe, na kinaendelea kutoa amri. Mishipa ya macho inapita juu yake, na uvimbe unaibana. Hii si saratani inayosambaa, inatibika. Lakini ikiachwa, macho yatakwenda yote mawili.

"Kwa hivyo mwanya wangu ni ugonjwa," Nyamvula akasema.

"Ni dalili, mama. Ndio umetusaidia kujua."

"Daktari, mimi nimeishi miaka arobaini hakuna aliyenitazama mara mbili. Sasa kuna mtu anataka kuleta wazee mwezi wa kumi na mbili. Nikawaambie nini hao wazee? Kwamba kilichompendeza ni uvimbe?"

Daktari akamwandikia barua ya kwenda kupigwa picha ya kichwa. Nyamvula akaipokea kwa mikono miwili, akashukuru, akaondoka. Barua tuliikuta kwenye benchi la nje, chini ya leso ya karatasi.

Usiku ule sikulala vizuri, jambo ambalo si kawaida yangu. Asubuhi nikaiweka ile barua mfukoni, na yale mataya mawili kwenye mfuko wa nailoni, nikaenda Changamwe.

Kibanda kilikuwa kimejaa watu wa malori. Nyamvula aliponiona alinisalimia kwa heshima na kunipa kiti, kisha akaendelea kumimina chai. Nikaketi nikatazama. Kikombe kilichokuwa mbele yake alikijaza vizuri, bila tone kumwagika. Vile vya pembeni hakuvigusa. Na hapo nikaona kitu ambacho wale wanaume walikuwa wamekizoea hata hawakijui tena: kila mmoja aliyetaka chai alikisogeza kikombe chake mpaka katikati ya meza. Kijana mmoja mwenye mdomo mwingi, ambaye nilielewa mara moja kuwa ndiye Boga, alikisogeza cha kwake na cha jirani yake huku akiendelea kusimulia mambo ya Malaba.

Baadaye Nyamvula akachukua birika kupeleka chai upande wa pili. Lori lilikuwa likirudi nyuma kutoka yadini, linapiga ile kengele yake, dakika nzima linapiga. Akashuka barabarani, kwenye njia yake. Mwanamume mmoja mrefu aliyevaa koti la kung'aa aliruka kutoka benchini, akamshika mkono, akamvuta. Birika likaanguka, likapita chini ya gurudumu.

"Hukuliona?" yule mwanamume akamuuliza.

"Limetokea ghafla."

Huyo mwanamume ndiye alikuwa Changawa. Nikaona nikingoja siku nyingine sitakuja tena, basi nikayatoa mataya mfukoni nikayaweka katikati ya meza.

"Mama Mweri, hili ni wewe wa 2019. Na hili ni wewe wa jana."

Aliyageuza akasoma jina lake chini ya kila moja. Akachukua lile dogo akalitia ndani ya kubwa, akalitoa, akalitia tena. Kisha akaketi kwenye benchi la wateja, mahali ambapo nadhani hajawahi kuketi.

"Changawa," akasema bila kumtazama, "huu mwanya si wa Mungu. Ni maradhi. Wanataka kunipasua kichwa. Bora ujue sasa."

Changawa akaketi kando yake.

"Mimi nilianza kunywa chai hapa kabla ya mwanya," akasema. "Nilikuwa sina pa kuanzia tu."

Nikampa barua.

Yaliyofuata niliyapata kwa simu, kutoka kwa Changawa. Picha ilionyesha uvimbe. Wakaelekezwa Nairobi, wakangoja zamu, na Januari madaktari wakautoa kwa kupitia puani, bila kupasua fuvu, jambo lililomshangaza Boga kuliko watu wote. Sehemu kubwa ilitoka. Jicho la kulia liliamka, likarudi kuona mpaka pembeni. La kushoto nusu yake ya nje haikurudi, na wakaambiwa haitarudi.

"Walisema tungewahi nusu mwaka hivi, pengine hata hilo lingepona," Changawa aliniambia. "Lakini, fundi, nani angejua?"

"Kweli," nikajibu. "Nani angejua."

Mikindani yote ikajua habari ya fundi aliyeona ugonjwa wa kichwa kwenye plasta. Daktari Lynnette aliwasimulia wageni wake. Mchungaji wao alinitaja kwa jina siku ya Jumapili. Watu walipanda ngazi kunipa mkono, na wengine wakaachama bila kuambiwa, ili niwatazamie kama wana kitu. Nikawapokea wote. Niliona aibu kila mara, na kila mara nilisema asante.

Juni mwaka huu Nyamvula alirudi kwa ajili ya meno. Changawa, ambaye sasa ni mumewe, alikuja naye. Hutembea kushoto kwake. Kipimo kilichukuliwa chini, na daktari, kama inavyotakiwa, kikapanda kwangu. Nikamimina, lori likapita, plasta ikashika. Nikaliweka taya jipya kando ya lile la Septemba, nikachukua kalipa. Upana ule ule. Mwanya mbili na nusu, kama ulivyokuwa. Nikapima mara tatu. Mfupa uliokwisha kukua haurudi nyuma, daktari alikuwa ameniambia hivyo. Lakini huu ulikuwa umesimama.

Akapanda peke yake kuja kuona. Changawa alibaki chini na daktari. Nikamwonyesha mataya mawili, la Septemba na la Juni.

"Halijaongezeka?"

"Hata kidogo."

"Na mwanya?"

"Mwanya utabaki. Ni wako sasa."

Alicheka, akafuta macho kwa leso. Uso ulikuwa umepungua uvimbe, na sauti yake bado ilikuwa ya tatu. Akanishika mkono kwa mikono yake miwili mikubwa.

"Fundi, mimi sina cha kukulipa. Haya macho yaliyobaki, umeyaokoa wewe."

Taya la Februari nalo lilikuwa mezani. Nilikuwa nimelitoa nyuma ya rafu asubuhi ile, nikalipangusa vumbi, nikaliweka wazi. Nilijiambia kwamba nimeliweka wazi. Lakini nilikuwa nimeliweka kushoto kwake, karibu na chupa ya gundi. Mtu mwingine yeyote angeingia mle ndani angeliona tangu mlangoni. Yeye alikuwa ameketi nalo dakika kumi hajui lipo.

Angeinuka tu. Angeshuka ngazi kumi na nne akaenda zake akiniombea dua, na lingebaki hivyo.

Nikafanya wanavyofanya wateja wake. Nikalisogeza mpaka katikati ya meza.

"Kuna la tatu," nikasema.

Akaliokota, akaligeuza, akasoma penseli yangu. Akalisoma kwa muda mrefu kuliko maneno yenyewe.

"Februari," akasema.

"Februari."

"Hili ulikuwa nalo? Siku ile niliyomwaga maji?"

"Nililimimina jioni ile ile."

Akapitisha kidole juu ya meno, akakifikisha mbele, kikasimama kwenye mwanya.

"Na yote yalikuwa yamo humu."

"Yote."

"Hukulitazama?"

"Sikulitazama. Nilikuwa nimekasirika kwamba meno yangu yamerudi."

Ningependa angenitukana. Akaligeuza lile taya mkononi, akalifunga kwenye pembe ya leso, kama alivyofunga meno siku ile ya kanisani.

"Meno yatakuwa tayari lini?" akauliza.

"Ijumaa."

"Haya."

Aliinuka akaenda mlangoni, akageuza kichwa chote kushoto kuutafuta ukingo wa ngazi, kisha akashuka.

Ijumaa alikuja. Alivishwa chini, kwa Daktari Lynnette. Niliisikia sauti yake ikimshukuru daktari, na ya Changawa ikiuliza kama fundi yupo juu, kisha miguu yao ikatoka nje. Nafasi ya lile taya rafuni sijaijaza. Yale meno nasikia yamemkaa vizuri. Hayajarudi, wala yeye hajarudi.